Dawa ya Bosco na Njaa Yake

Wenzangu mliobaki kliniki, na ninyi nisiowajua mtakaokuja kushika ufagio wangu,

Kwanza nawaomba msamaha kwa mwandiko. Herufi zangu hazikai kwenye mstari, na maneno mengine nimeyaandika tu jinsi ninavyoyasikia. Shule niliishia darasa la nane. Tangu hapo kuandika kwangu kulikuwa majina ya mbwa, kwa chaki, kwenye milango ya vibanda, na hakuna mbwa aliyewahi kulalamika. Mahali mtakapokwama, rukeni mwendelee.

Daktari Nafula ndiye aliyetaka niandike. Nilimwambia ningependa kuja kuwaeleza kwa mdomo. Alicheka mpaka akavua miwani, kwa sababu kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hajanisikia nikisema sentensi mbili zikifuatana.

Nimestaafu. Najua mnacheka pia. Watu hustaafu wakiwa na mvi, mimi nimestaafu nikiwa na chunusi. Lakini kifua changu kilikataa manyoya ya mbwa, na hospitali wakaniambia nichague kati ya kazi na pumzi. Nikarudi kwetu Kimuka kuchunga mbuzi wa baba. Mbuzi nao wana manyoya, na kifua kimenyamaza kabisa. Nimeuliza sababu, sijapata wa kunieleza. Nimezoea. Katika kazi yetu mambo mengi yalikuwa hivyo.

Siku ya kwanza nilifika kabla kliniki haijafunguliwa nikasimama ng'ambo ya barabara, kwa sababu sikujua kama inafaa kubisha. Aliyenivusha ni Auntie Kerubo, mama wa Kisii aliyekuwa akipikia mbwa tangu kliniki ianze. Aliniuliza jina. Nilimjibu nikitazama viatu vyake.

"Huyu Saitoti ataongea na mbwa peke yake," alimwambia daktari.

"Ni sawa tu," daktari akasema. "Hapa mbwa ndio wengi."

Auntie alinifundisha sufuria kwanza. Mapafu ya ng'ombe kutoka kichinjioni, yachemshwe mpaka yaache povu, kisha unga wa mahindi kidogo kidogo. Chumvi hapana. Kitunguu hapana kabisa, hata kama harufu inakuvutia wewe mpishi. Chakula cha mbwa mgonjwa kiwe vuguvugu, kwa sababu kikipoa hakinuki, na mbwa hula kwa pua kabla ya mdomo. Alinionyesha bomba la sindano lisilo na ncha, ambalo tunatumia kumnywesha uji mbwa dhaifu, pembeni mwa mdomo, polepole, usimpalie. Dawa ya tembe alinikataza kuichanganya kwenye chakula chenyewe. Mbwa akionja uchungu mara moja, ataanza kukishuku kile chakula, na kesho utampa kikiwa safi naye atakutazama kama mwizi.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la bakuli. Alisema: "Ukiweka bakuli chini, usitazame bakuli. Tazama miguu ya mbwa. Mbwa ambaye hasimami, na mbwa ambaye anakuja, ananusa, analamba midomo kisha anageuka, hao hawana shida moja. Wa kwanza labda anaumwa na mwili. Wa pili njaa anayo, ni tumbo linamkataza."

Nililishika hilo somo kwa mikono miwili. Nilidhani likinikaa, kazi yote itakuwa rahisi.

Mbwa wengi wa Kitengela waliletwa kwetu kwa sababu ya pikipiki. Karibu na wakati nilipoanza aliletwa mmoja aliyevunjika mguu, na hakula. Nilimwekea bakuli, hakuinua hata shingo. Daktari alimdunga dawa ya maumivu, na kabla sijamaliza kuosha sakafu alikuwa analamba bakuli tupu. Basi nikajua: dawa ya maumivu huleta njaa.

Haikupita muda akaletwa jike mmoja mzee wa kizungu, yaani wa ile mbegu ya manyoya marefu, mwenye maumivu ya nyonga. Huyo alikuwa anakula vizuri sana. Akaanzishiwa tembe za maumivu, akaacha kula. Alikuja kwenye bakuli, akalamba midomo, akageuka.

Nilimfuata daktari nikasimama karibu na mlango mpaka akaniona.

"Sema, Saitoti."

"Ile dawa ya kuleta njaa imemwondolea njaa."

Daktari alinikalisha. Alinieleza kwamba maumivu yenyewe yanamfanya mbwa asile, kwa hiyo ukiyatuliza anarudi kwa chakula. Lakini dawa nyingi za kutuliza uvimbe zinaweza kukwaruza tumbo, hasa tumbo likiwa tupu, na hapo mbwa anatapika, au anakataa kula, au anatoa choo cheusi kama lami. Ukiona hivyo usingoje, unasimamisha dawa unamwita daktari. Ziko nyingine kali zaidi ambazo hazikwaruzi sana, ila zinaleta usingizi na kichefuchefu, na choo kinakuwa kigumu. Na dawa za binadamu za dukani, zile watu humeza wakiumwa na mgongo, hizo nyingi kwa mbwa ni sumu. Hilo la mwisho waambieni wateja hata kama hawajauliza. Watasema walimpa nusu tu. Wote husema nusu.

"Kwa hiyo dawa ya maumivu inaleta njaa ama inaondoa?" niliuliza.

"Yote mawili," daktari akasema.

Nilirudi kwenye sufuria yangu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka. Auntie aliniambia hata yeye alikuwa hivyo, na alikuwa amebakisha mwaka mmoja tu kustaafu.

Sasa niwaelezee kuhusu Bosco, kwa sababu ndiye aliyenifanya nikubali kushika kalamu.

Bosco alikuwa mbwa wa mbuzi, mweupe mwenye sikio moja lililochanika, kutoka boma moja nje ya Isinya. Wakati huo Auntie alikuwa ameshaondoka na sufuria ilikuwa yangu. Aliyemleta ni mama mwenye boma, amemfunga kwa leso yake na kumpakia nyuma ya gari la jirani, probox. Mimi na daktari tulimwita Yeyo, maana kwa Kimaa ni mama, na umri wake ulikuwa wa mama yangu.

"Takwenya, Yeyo," nilimsalimu.

"Iko," aliitikia, kisha akanitazama akaniita ero, yaani kijana. "Wewe ni wa wapi, ero?"

"Kimuka."

"Basi utanisaidia kuongea na hii daktari. Mwambie dawa yake ni mbaya."

"Yeyo, nakusikia," daktari alisema. "Niko hapa."

Bosco alikuwa na bega bovu. Miaka ya nyuma fisi alimshika hapo, na mfupa ulipozeeka ukaanza kuuma. Daktari alikuwa amempa tembe za maumivu alipopita bomani kwao, na Yeyo alisema mguu ulipona kabisa, mbwa akakimbia na mbuzi kama kijana. Kisha akaacha kula. Sasa mbavu zilikuwa zinahesabika. Anatapika maji ya njano. Na mbwa asiyekula hana nguvu ya kubweka, na fisi wa upande ule wanajua boma lenye mbwa na boma lisilo na mbwa.

"Bwana yangu amesema mbwa akikataa chakula amekataa dunia," Yeyo alisema. "Amesema mniwekee huyu mpaka siku ya mnada wa mifugo. Akikula, nitamrudisha. Asipokula, daktari amdunge ile sindano ya kulala. Mimi sitaki kuona akianguka mbele ya mbuzi."

Alisema hivyo akikunja leso yake. Hakumtazama Bosco.

Daktari alimuuliza maswali. Anampa dawa kama alivyoelekezwa? Ndiyo. Pamoja na chakula? Ndiyo, ndani ya mafuta ya kondoo, na anameza bila shida. Kuna dawa nyingine ya dukani amepewa? Hapana. Daktari aliandika, akatoa damu ya kupeleka Nairobi ili wapime figo na ini, na akasema kwa sasa tusimpe tembe hata moja. Tumbo lipumzike. Alimpa dawa ya kutuliza tumbo peke yake.

Hapo ndipo somo langu la bakuli lilianza kunichezea. Siku aliyofika, Bosco alikuja kwenye bakuli, akalamba midomo, akageuka. Nikasema, ni tumbo. Baada ya dawa kuisha mwilini kutapika kulikoma, nikafurahi. Lakini sasa bega lilirudi kuuma, na Bosco hakusimama tena. Nilimpelekea bakuli mpaka puani, akageuza uso ukutani. Je, huyu ni wa kwanza au wa pili? Auntie hakuwa ameniambia kuhusu mbwa anayeanza kuwa mmoja kisha anakuwa mwingine.

Daktari akajaribu dawa ya lile kundi la pili, zile kali za kuleta usingizi, kwa sindano. Bosco akasimama, nikaweka bakuli, akaja, akashusha kichwa, na akalala. Alilala amesimama, mdomo ndani ya mapafu, mpaka nikamshika asianguke. Daktari akapunguza kipimo. Akawa macho, ila sasa alikuwa analia kidogo kidogo akigeuka. Uji wa bomba alimeza, lakini alimeza kama mtu anayelipa faini.

Kabla ya mnada Yeyo alikuja mara moja kumwona. Alinikuta nikimpa ule uji asubuhi, akashika kiuno akacheka.

"Ero, na wewe ni mtoto wa Kimaasai kweli? Nani amekufundisha kulisha mbwa wa mbuzi asubuhi? Akishiba ataenda malishoni ama atalala chini ya mti kama bwana?"

Nilisema hapa hakuna malisho, Yeyo. Lakini daktari alikuwa ameinua kichwa kutoka mezani.

"Yeyo, kwani Bosco hula saa ngapi nyumbani?"

"Mbuzi zikiingia. Jioni. Anakula masalio na maziwa."

"Na dawa unampa saa ngapi?"

"Mbuzi zikitoka. Ndiyo aweze kutembea."

"Na ile mafuta unafungia dawa, ni kiasi gani?"

Yeyo alionyesha ncha ya kidole gumba.

Daktari aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo anameza dawa, halafu anatembea jua lote bila kitu tumboni mpaka jioni."

"Si ulisema na chakula? Mafuta si chakula?"

"Ni chakula," daktari alisema. "Mimi ndiye sikuuliza vizuri. Kwetu Bungoma mbwa hula asubuhi makombo ya watoto. Nikadhani ni kila mahali."

Na mimi niliyezaliwa kwenye boma, niliyeona mbwa wetu wakiondoka na mbuzi wakiwa na njaa kila siku ya utoto wangu, sikuwa nimefikiria. Nilipovaa lile koti la kijani la kliniki, nafikiri nilianza kudhani mbwa wote hula asubuhi. Sijui. Kichwa cha mtu ni kibanda chenye milango mingi.

Sasa tulijua lililoharibu tumbo, lakini kujua hakukumlisha Bosco. Majibu ya damu yalirudi: figo zimechoka kidogo, si sana. Daktari alisema inaweza kuwa ni dawa, inaweza kuwa ni uzee, inaweza kuwa ni kiu ya malishoni. Nilimuuliza ipi. Akasema, "Saitoti, ningejua ningekuambia kwanza wewe."

Siku ya mnada ikafika. Daktari aliandaa trei na kuifunika kwa kitambaa. Nilijua kilichokuwa chini ya kitambaa. Yeyo alikuja na kibuyu cha maziwa begani, si kwa ajili ya Bosco, bali alikuwa anampelekea dada yake anayepanga Kitengela. Aliingia kibandani, akachuchumaa, akamwita kwa sauti ya chini, ile wanayoitia mbwa jioni, mbuzi wakirudi. Bosco alipiga mkia chini mara moja.

Yeyo alifungua kibuyu. Ninyi wa mijini hamjui harufu hiyo: kibuyu chetu husafishwa kwa kaa la moto la mti wa mzeituni pori, na maziwa hutoka na moshi ndani yake. Alimimina kidogo kwenye kiganja. Bosco alinusa, akalamba midomo. Nikasubiri ageuke.

Hakugeuka. Alikunywa kiganja, akanywa kingine, kisha Yeyo akamimina kwenye bakuli langu na Bosco akasimama kwa miguu mitatu akanywa mpaka mwisho. Dada wa Kitengela siku hiyo alipokea salamu tupu.

Daktari aliichukua trei akaondoka nayo na kitambaa chake.

Nimefikiria jambo hili miaka yote na bado sijui. Je, alikula kwa sababu tumbo lilikuwa limepona? Au kwa sababu kipimo kipya cha dawa kilikuwa kimefika mahali pake? Au moshi wa kibuyu, au ule wito wa jioni? Kama ni Yeyo tu alihitajika, basi sisi wote na sindano zetu tulikuwa tunafanya nini? Daktari alisema pengine ni yote. Nimegundua daktari akisema "yote" ana maana hata yeye amesimama mahali ninaposimama mimi.

Bosco alirudi nyumbani. Daktari alimbadilishia dawa, akamwambia Yeyo aitoe jioni tu, mbuzi wakishaingia na mbwa akishakula, na akiona hajala asimpe, apige simu. Asubuhi apate maziwa kidogo, na kazi ya malishoni aachiwe mbwa mdogo. Yeyo alilalamika kwamba atakuwa anafuga mzee wa kanisa, lakini alifanya hivyo. Misimu ya mvua ilipita. Tukipita Isinya kwa kazi za kuku, tulimwona langoni, mweupe, mnene, akibweka akiwa ameketi.

Kisha Yeyo akapiga simu, na daktari alikuwa anashona ng'ombe, nikapokea mimi.

"Ero, Bosco amekataa tena. Nimefanya vile mlisema. Dawa baada ya chakula. Hajatapika. Ni dawa ama ni yeye?"

Nilimwambia asimamishe dawa, tunakuja.

Tulimkuta amelala langoni. Daktari alimpapasa tumbo kwa muda mrefu, na akakuta uvimbe ambao haukuwepo zamani. Alisema tungeweza kumwacha bila dawa siku chache tuone kama njaa itarudi, kama ile mara ya kwanza. Nilikubali haraka. Mimi nilikuwa na imani na kile kibuyu. Tuliporudi baada ya siku hizo, maziwa yalikuwa kando yake yameganda, na Bosco alikuwa anatetemeka kwa maumivu bila kutoa sauti. Hakula kitu. Nilipiga magoti na bakuli langu nililotoka nalo kliniki, mapafu vuguvugu, nikamsogezea. Nikambembeleza. Nikasogeza tena.

"Wacha," Yeyo aliniambia.

"Labda kesho, Yeyo. Dawa ikiisha kabisa mwilini, labda atakula."

"Na hiyo kesho ataumia?"

Nilimtazama daktari. Daktari akasema, "Ataumia."

"Basi mpe dawa," Yeyo alisema. "Imwondolee njaa, imwondolee nini, sijali. Ninyi mnataka akule. Mimi nataka alale vizuri."

Daktari alimdunga. Nilikaa hapo nimeshika bakuli. Baada ya muda Bosco aliacha kutetemeka, akanyoosha ule mguu mbovu ambao hakuwa ameunyoosha tangu tufike, na akaweka kidevu chini. Mbuzi waliingia wakimruka. Hakula jioni hiyo, wala hakula tena. Kila jioni Yeyo alimpa dawa kwa bomba kama daktari alivyomwonyesha, na alilala langoni bila maumivu mpaka Yeyo alipotuita kwa ile sindano ya mwisho. Alitushikia kichwa chake yeye mwenyewe.

Nimewaandikia haya kwa sababu mtaletewa mbwa wengine, na wenye mbwa watawauliza, ni dawa ama ni yeye. Ulizeni kwanza mbwa anakula saa ngapi na dawa anapewa saa ngapi. Tazameni miguu kabla ya bakuli. Lakini iko siku mtafanya hayo yote na bado hamtajua, na siku hiyo sijui niwaambie nini. Kama ningesimamisha dawa siku moja zaidi, angekula? Au ningemwongezea tu siku ya kuumia? Nikichunga mbuzi hapa Kimuka nalifikiria, na mbuzi hawana maoni.

Kwa hiyo nina ombi. Yeyote kati yenu aliyemlea mbwa wa namna hiyo, aliyewahi kutenganisha njaa iliyoondolewa na dawa na njaa iliyoondoka yenyewe, aniandikie aliona nini. Mwachieni Daktari Nafula barua, yeye hupita huku kuchanja ng'ombe. Msione haya kwa mwandiko wenu, mmeshaona wangu. Ila andikeni herufi kubwa kidogo, kwa sababu hata kusoma nasoma polepole.

Saitoti